Joviana Haendi na Johnson

Ijumbi, Muleba,
Kagera.
Jumapili, 17 Novemba 2024

Mpendwa mwanangu Muhidini,

Hujambo, waitu, wa kwetu? Mkeo Mastura hajambo? Mwanao Jamali kikohozi kimemwacha, au bado mnamnunulia zile dawa za chupa wakati tangawizi imejaa sokoni? Nawasalimu wote mliomo humo ndani, na jirani yenu yule mnene aliyenipa kiti mwaka ule nilipokuja Dar na joto likaniangusha.

Sisi huku tunaamka. Mguu wangu wa kushoto ni ule ule, unajua mvua kuliko redio. Mvua imeshuka vizuri, ila migomba ya upande wa bondeni imeingiwa na mnyauko. Tumeng'oa kumi na miwili, nikaifukia mwenyewe nikiilia kama watu. Ng'ombe amezaa dume. Mimi nilitaka jike, lakini ng'ombe hapokei maagizo. Senene, panzi wetu wa mvua, wameshuka wengi mwaka huu, nimewakaangia watoto wako kopo moja. Wewe usiwaguse. Nakumbuka ulivyokuwa ukija hapa likizo, ulinikulia senene wangu wote ukaapa kwa majina yote ya Mungu kwamba ni paka, na miguu ya senene imenasa kwenye meno yako. Nilicheka mpaka nikasahau kukuchapa. Mama yako, mdogo wangu, Mungu amlaze, alisema nakudekeza. Labda alisema kweli.

Anayeandika ni mjukuu wangu Joviana. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinitengenezee maneno yakawa ya shuleni, aache yalivyotoka. Mimi kalamu sikuishika, unajua. Baba yetu alisema mtoto wa kike akisoma atawaandikia wanaume barua. Sasa ona, nina miaka sabini na saba na ninamwandikia mwanamume barua, tena kali.

Nimekataa kukupigia simu. Kwenye simu unanikatiza. Nikifika kwenye neno lenyewe unasema "Mama Mkubwa, sikiliza kwanza," halafu vocha inaisha ukiwa bado unasema wewe. Barua haikatizwi. Utaisoma mpaka mwisho, na ukiitupa Mastura ataiokota aisome.

Sasa tuingie ndani. Jumanne ulinipigia ukasema nimekuaibisha mbele ya rafiki yako Johnson. Ukasema nilikwisha weka dole kwenye karatasi yake, na dole likishawekwa limewekwa. Ukasema nimwombe msamaha, maana Ijumaa hii inayokuja atarudi kumchukua Joviana. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Nilikuwa natafuta mahali pa kukaa.

Jibu langu ni hili. Andika kwa kukandamiza, Joviana. Siombi msamaha. Joviana haendi na Johnson. Haendi Ijumaa hii, haendi Ijumaa nyingine. Na wewe kama ni baba yake mdogo, yeye akiwa mtoto wa marehemu mwanangu Buberwa uliyelala naye kitanda kimoja hapa kwangu, utanisikiliza kwa nini.

Johnson alikuja mara ya kwanza mwisho wa mwezi wa tisa. Alikuja na salamu zako, nami nikampokea kama ningekupokea wewe. Nilikata nyasi mpya nikatandaza sebuleni. Niliwaambia akina mama wa jirani, mwanangu wa Dar ametuletea mgeni. Alikuwa na viatu vinavyong'aa na begi la ngozi, mtu wa heshima, anaita kila mtu mama. Nikamletea kamwani, kahawa yetu ya kutafuna, kwenye kale kakikapu ka mama yetu. Punje tano nikamtia mkononi. Nilimwona kwa macho yangu akipeleka mkono mdomoni, taya likacheza, akasema, "Kahawa ya kwenu tamu, mama."

Wewe umekulia Bukoba mjini, lakini unajua maana yake. Kwetu mtu akitafuna kahawa yako ameingia ndani. Zamani waliofanya undugu waligawana punje moja ikiwa na damu yao, na tangu hapo mmoja hawezi kumdhuru mwenzake. Leo hatuchanji damu, lakini kahawa ni ile ile. Basi mimi nilipoona taya lake linacheza, moyo wangu ulilala. Akasema kazi ni ya ndani, Uarabuni, nyumba ya watu wenye dini, mtoto mmoja tu wa kulea. Akasema ameshampeleka Consolata, binti ya Kokwijuka wa Kemondo, na sasa anakula nyama kila siku. Akatoa karatasi. Akatoa na kile kidude cha wino. Nikaweka dole.

Ndiyo, niliweka. Silikatai. Niliweka dole kwenye kitu ambacho sikusomewa, kwa sababu mgeni alitafuna kahawa yangu. Ukitaka kunicheka, cheka hapo, halafu uendelee kusoma.

Akaondoka na ile karatasi, na cheti cha kuzaliwa cha Joviana, na kitambulisho chake cha taifa. Alisema anakwenda kumfanyia pasipoti. Hakuacha hata kipande.

Asubuhi yake nikaondoa nyasi za sebuleni, maana kuku walikuwa wameingia wakazichafua. Chini ya kiti alichokalia mgeni nikakuta punje za kahawa. Nikahesabu. Tano. Kavu, nzima, hazina hata alama ya jino.

Nilikaa chini palepale. Nikajaribu kumtetea, kweli nilijaribu. Nikasema labda ana meno mabovu. Lakini mtu huyohuyo alikula mahindi yangu ya kuchoma mawili, yale magumu, na kibunzi alitaka kukitafuna. Nikasema labda kahawa inampandisha presha. Basi si aseme? Watu wanasema kila siku, "Mama, kahawa siwezi, nipe maji," na hatukasiriki. Huyu hakusema. Huyu aliigiza. Alicheza taya bila kitu mdomoni, akanisifia ladha ya kitu alichokidondosha. Muhidini, mtu anayeweza kudanganya na punje tano za kahawa, ambazo hazimpunguzii kitu, atasema nini kweli?

Nilizitia kwenye kopo la chai. Joviana nilipomwonyesha alisema, "Bibi, unataka kuniharibia maisha kwa sababu ya kahawa?" Yupo hapa anaandika na anajua alisema. Akasema mimi nataka azeekee kwenye migomba. Maneno yale yaliniuma kuliko mguu, maana nusu yake ni kweli. Tangu amalize kidato cha nne, ni miaka mitano analima na mimi, na hapa ukitoka kwenye ndizi unaingia kwenye maharage.

Nikaenda kwa Mwalimu Elieza, yule mstaafu wa pale kanisani. Nikamwambia nimeweka dole kwenye karatasi.

Akasema, "Karatasi inasema nini?"

Nikasema, "Mwalimu, kama ningejua inasema nini ningeweka dole au ningeandika jina?"

Akavua miwani. Mwalimu Elieza akivua miwani ujue mambo yameharibika. Akaniuliza kama nimebaki na nakala, kama Johnson ametaja ofisi yake, kama ana leseni ya serikali ya kupeleka watu kazini nje, kama mkataba umepita ubalozini. Kila swali nilijibu sijui. Nilijisikia kama mtoto asiye na viatu siku ya ukaguzi. Nikamwambia, nisubiri, hili la Consolata naweza kulijua mwenyewe.

Siku ya pili nilipanda pikipiki mpaka Muleba mjini na gari mpaka Kemondo. Kijana wa pikipiki aliniuliza, "Bibi, utajishikilia?" Nikamwambia nimejishikilia kwenye vita ya Amini, wewe endesha.

Kokwijuka nilimkuta anaanika dagaa. Hatujuani sana, lakini nilipotaja jina la Johnson aliacha dagaa juani akaniingiza ndani. Binti yake ana mwaka na miezi miwili huko. Anapiga simu Ijumaa moja na kuruka nyingine, kwa simu ya mwenye nyumba, na mwenye nyumba amesimama hapo. Lazima aongee Kiswahili, maana kuna mtumishi mwingine mle anayekielewa na anamtafsiria bosi. Akigusa Kihaya tu, simu inakatwa. Kokwijuka aliniambia, "Mwanangu ananiambia yuko salama kwa lugha ambayo hajawahi kuniambia nayo kitu." Pasipoti wamemfungia kabatini. Mama akisema arudi, Johnson anamwonyesha karatasi kwamba mtoto akirudi kabla ya miaka miwili familia italipa gharama zote. Na karatasi ile ina dole. La Kokwijuka.

Tuliangalia vidole vyetu, wanawake wawili wazima, kama watu walioshikwa wakiiba.

Nilirudi Ijumbi nikiwa nimekasirika mpaka njaa ikapotea. Sikumwambia Joviana yote, nilimwambia tu sitaki. Hapo nilikosea. Mtu mzima ukimwambia "sitaki" bila sababu unampa sababu ya kutoroka.

Sasa sikiliza ya Ijumaa ile ya tarehe nane, maana Johnson amekupa ya kwake na ndani yake nasikia nilimpiga. Sikumpiga. Nilimshika begi.

Alikuja na gari, saa nne asubuhi, anasema viza imetoka, Joviana apande waende Mutukula, wavuke, ndege ipo upande wa Uganda. Mimi nilikuwa nimewaita akina mama sita wa kikundi chetu cha kuzikana, na Mwalimu Elieza. Nyasi nilitandaza mpya. Tukakaa. Johnson akashangaa, akasema, "Mama, kumbe mmekuja kumuaga mwali!" Nikasema ndiyo, kaa.

Nikaleta kakikapu kale kale. Nikamtia mkononi punje tano. Nikasema, "Safari hii, mwanangu, tafuna tukikuona. Ufungue mdomo kama kwa daktari."

Akacheka. Sisi hatukucheka. Akasema ana haraka. Mmoja wa akina mama akamwambia, "Kahawa haina foleni, tafuna." Akasema ana vidonda vya tumbo. Nikatoa kopo, nikamwagia mapajani zile tano za mwezi wa tisa. Nikamwambia, "Vidonda hivi vilianza lini? Maana siku ile ulinisifia utamu."

Muhidini, ungeuona uso wake. Ulikuwa kama wa yule mla senene, lakini wewe ulikuwa na miaka minane.

Nikamwambia atoe karatasi yangu isomwe. Akaitoa kwa jeuri, akasema imeandikwa Kiingereza, ataisoma yeye. Akasoma mambo mazuri sana, likizo, matibabu, siku ya kupumzika. Mwalimu Elieza akanyoosha mkono, akasema, "Naomba nami nijaribu, nilikifundisha miaka thelathini." Akavaa miwani. Likizo hakuiona. Siku ya kupumzika hakuiona. Aliona kwamba mimi Verdiana, mlezi, nimekubali. Kwamba mtoto akirudi kabla ya miaka miwili nalipa mimi, na kama sina, kibanja changu, hili shamba la migomba na nyumba, kinasimama badala yangu. Kibanja alipozikwa Kamala mume wangu, na Buberwa. Halafu Mwalimu akaomba aione na ile viza. Viza imeandikwa matembezi. Si ya kazi. Mtoto anayekwenda kufanya kazi kwa karatasi ya matembezi, siku akipigwa atakwenda kwa nani kusema yeye ni mfanyakazi?

Nikamwomba Mwalimu anionyeshe dole langu liko wapi. Akanionyesha, huko chini pembeni, jeusi, limekaa kama mdudu. Nikalichana. Kile kipande tu chenye dole. Nikakitia mdomoni pamoja na punje mbili za kamwani, nikatafuna mbele yao wote, nikameza. Nikamwambia Johnson, "Dole langu nimelirudisha lilikotoka. Sasa toa vyeti vya mtoto."

Mwalimu Elieza alikuwa amesimama ameshika kichwa anapiga kelele, "Mama, umekula ushahidi! Umekula ushahidi!" Mimi nitajuaje? Kwani ushahidi ndio upi? Kwa bahati karatasi iliyobaki ina jina lake na namba zake, na mambo ya kibanja yote yapo. Hiyo tumeipeleka polisi Muleba, dawati la jinsia, na viza tumeieleza. Binti wa pale aliandika kila kitu, akanisomea alichoandika kabla hajaniomba dole. Nilimwambia asome tena. Akasoma tena bila kununa. Ndivyo inavyotakiwa, kumbe.

Vyeti Johnson alikataa kuvitoa. Ndipo nikashika begi, na akina mama wakaenda kukaa mbele ya gari lake, njiani palepale kwenye migomba, wakanyoosha miguu. Alipiga honi wee. Yule Joackim wa lori la ndizi, ambaye ndiye anakuletea barua hii, alikuta njia imefungwa akashuka akauliza kuna msiba? Wakamwambia bado, tunauzuia. Johnson akavitoa, na pasipoti pia ilikuwemo. Akaondoka anasema atanishtaki. Anishtaki. Nitavaa kitenge changu cha Pasaka.

Joviana hakuniongelesha siku nne. Alipika, aliweka chakula mezani, akaenda kula jikoni. Alisema, "Bibi umenifungia dunia." Nililala nikijiuliza kama ni mimi niliye mbaya.

Juzi Ijumaa nilimwambia, usiniamini mimi, twende Kemondo. Tukaenda. Kokwijuka alikuwa amepanga kwamba Consolata akipiga, Joviana ndiye atapokea. Na alipiga, mchana, maana ilikuwa Ijumaa yake ya kupiga. Joviana alijitaja kwamba ni rafiki, anataka kuja huko, aliuliza kazi ikoje. Consolata akasema kwa Kiswahili, "Kazi ni nzuri. Watu ni wazuri. Nakula vizuri." Akasema hivyo kama mtu anayesoma ubao. Halafu akasema neno moja haraka, la Kihaya. "Otaija." Usije. Simu ikakatwa.

Joviana alibaki ameishika ile simu sikioni. Kokwijuka hakulia. Aliichukua, akaipangusa kwa kanga kama mtoto aliyeanguka.

Tuliporudi, kwenye gari, Joviana aliniambia jambo lingine. Aliniambia kwamba wewe, Muhidini, ulimpigia Jumatano bila mimi kujua. Ulimwambia atoke Alhamisi hii inayokuja alfajiri kimya kimya, aende stendi ya Bukoba, Johnson atamkuta hapo, na mimi nitazoea.

Hapa kalamu imesimama. Andika, Joviana. Yeye aliyasema, wewe hukuyatunga.

Mwanangu, nilikulisha kwa mkono huu. Ukitaka kumchukua mtoto nyumbani kwangu, unapita mlangoni, mchana, unakaa kwenye nyasi, unatafuna kahawa, unasema. Kimya kimya anachukuliwa kuku wa jirani, si mtoto. Nasikia kwamba kwa kila binti anayepanda, aliyemleta anapewa kitu. Sikuulizi. Nakuachia swali hilo ukae nalo wewe na Mastura na chakula chenu cha usiku. Siku utakayokuja utanijibu ukiniangalia machoni. Nitajua. Nilijua kwa senene.

Usiseme nachukia safari. Sisi wanawake wa Buhaya hatukuanza kusafiri na simu za mkononi. Shangazi yangu alikwenda Kampala kwa miguu na meli, hajui kusoma, akarudi akanunua kibanja kwa jina lake mwenyewe, wanaume wakakohoa mpaka wakanyamaza. Lakini shangazi alikwenda kwa mtu wa kijiji hiki ambaye nyumba yake tuliijua, na kila aliyerudi alileta salamu zake kwa Kihaya. Alikuwa na njia ya kurudi. Safari bila njia ya kurudi, mimi naiita mazishi yenye begi.

Joviana atakwenda kama akitaka. Tumekubaliana yeye na mimi. Wiki hii anakwenda Bukoba kwa afisa kazi kuuliza mawakala waliosajiliwa ni wepi, wa kweli, wale wanaoandikwa serikalini. Mkataba uwe na Kiswahili, nao usomwe hapa sebuleni, mara mbili, Mwalimu Elieza akiwa na miwani. Nakala inabaki chini ya godoro langu. Pasipoti ni yake na inalala kwake. Anakwenda kwa viza ya kazi, anapandia ndege mahali ambapo nchi yake inamwona akipanda. Na simu tutaongea Kihaya, na mwenye nyumba asiyetaka kusikia Kihaya hatumtaki. Ikichukua mwaka, ichukue. Migomba haijakataa kumlisha.

Na wewe nakupa kazi. Uko Dar, maofisi yapo huko. Kokwijuka ametoa nakala za Consolata, jina la mwenye nyumba, namba ya simu, picha yake. Ziko ndani ya bahasha hii. Nenda wizarani, nenda mahali popote wanapoulizia watoto wa watu walioko nje, ukae kwenye benchi mpaka waandike. Wakikuambia njoo kesho, nenda kesho. Wewe ulimleta Johnson katika familia, ulikutana naye msibani ukamwona mtu mzuri. Hata mimi nilimwona mtu mzuri. Tumekosea wote wawili. Mimi kosa langu nimelitafuna. Sasa ni zamu yako.

Johnson mwambie Ijumaa aje. Atatukuta. Akina mama wameshapanga nani anakaa mbele ya gari na nani nyuma.

Nisalimie Mastura sana, mwambie kile kitenge alichonitumia nimekishona na kinanipendeza kuliko umri wangu. Msalimie Jamali. Wasalimie akina Haruni wa upande wa baba yako mkikutana. Kokwijuka anakusalimu ingawa hakujui, na anakusubiri. Mwalimu Elieza anakusalimu, bado ana hasira na mimi kwa ushahidi. Nyinyi mnasali Ijumaa, sisi Jumapili. Mungu yuko macho siku zote saba, awalinde, na amfungulie yule mtoto mlango wa kabati na wa nyumba.

Ndani ya kopo la senene, juu kabisa, kuna jani la mgomba limefungwa kwa ukambaa. Ndani yake mna punje tano za kamwani. Si zile za Johnson, ni mpya, nimezikausha mwenyewe. Kama uko na sisi, zitafune mbele ya Mastura, yeye aangalie meno yako aniambie. Kama huko na sisi, usizidondoshe chini. Nirudishie na Joackim, nitaelewa, na bado utabaki mwanangu.

Mimi mama yako mkubwa ninayekupenda hata nikikugombeza,

Verdiana, mjane wa Kamala.

Joviana amenisomea yote tangu mwanzo, mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa ameruka pale pa stendi, nikamrudisha. Sasa nimesikia kila neno na kila neno ni langu. Ndipo naweka dole hapa chini.